Mguu Unapokufa Ganzi: Neva Zinazobanwa kwa Wanariadha

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa vilabu vya mbio, makocha wa shule na wazazi wa katikati mwa jiji, Kibra, Dagoretti na Westlands. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.



Septemba 2021 Mary Keitany alitangaza kwamba anaacha mbio za ushindani. Huyu ndiye aliyeshinda New York mara nne na London mara tatu, na muda wake wa saa 2:17:01 alioandikisha London mwaka 2017 ulikaa miaka saba kama rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Aliyemwondoa barabarani hakuwa mpinzani. Lilikuwa jeraha la mgongo alilolipata mwishoni mwa 2019. Kila alipodhani limeisha na kurudi kwenye mazoezi makali, lilirudi nalo. Matibabu aliyotarajia kuyapata Ulaya yalichelewa kwa sababu ya vikwazo vya usafiri vya wakati wa korona.

Mkimbiaji wa Kawangware au Kangemi hana tiketi ya kwenda Ulaya, korona iwepo isiwepo. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya mgongo na miguu ya wanariadha hutambuliwa kwa mikono ya mtaalamu, kitanda cha kulalia na masikio yanayosikiliza. Vitu hivyo vipo Nairobi. Kinachokosekana mara nyingi ni mgonjwa kufika mapema, na kufika akiwa na maelezo sahihi. Leo mazungumzo ni kuhusu chanzo kimoja cha maumivu ambacho hukosewa kuliko vingine: neva iliyobanwa.

Tatizo linaanzia kwenye neno. Kwa Kiswahili cha kila siku mshipa ni mrija wa damu, ni kano, ni neva, na kwa wazee wengi ni ngiri pia. Kijana akiingia kwenye duka la dawa na kusema "mshipa wa mguu umenikaza," muuzaji hujichagulia maana anayoitaka. Kwa kawaida huchagua misuli: dawa ya kuchua, tembe za maumivu, pengine sindano. Miezi mitatu baadaye kijana bado anachechemea, amemaliza pesa, na hakuna aliyewahi kumgusa mguu. Kwa hivyo hapa litatumika neno neva, yaani ule uzi unaobeba habari kati ya ubongo, uti wa mgongo na viungo. Ndio unaoambia msuli ujikaze na ndio unaorudisha habari kwamba lami ni moto.

Msuli ulioumia huuma pale pale ulipoumia. Ukiubonyeza unalia, ukiupumzisha siku chache unatulia. Neva haina tabia hiyo. Inaweza kubanwa mahali pamoja na maumivu yakasikika mbali kabisa, kama vile bomba la maji lililokanyagwa Dagoretti Corner na mfereji ukakauka Adams Arcade. Fundi anayechimba Adams Arcade atachimba mpaka jioni. Ndiyo maana mtu huchuliwa shavu la mguu wiki nzima ilhali shida iko kiunoni.

Lugha ya maumivu nayo ni tofauti. Wagonjwa wa neva husema mguu unawaka, unachonyota, unakufa ganzi, siafu wanatembea chini ya ngozi, umeme umepita kutoka makalioni hadi kwenye kidole. Wengine hawana maumivu yoyote. Wanaona tu kwamba wayo unapiga lami kwa kishindo, au kiatu cha upande mmoja kinaisha mbele kabla ya kingine. Ishara hiyo ya kiatu makocha wanaweza kuiona kabla ya mkimbiaji mwenyewe.

Neva kubwa kuliko zote mwilini ni ile inayoitwa siatiki. Inaundwa na mizizi inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, inapita ndani ya makalio, inashuka nyuma ya paja, na karibu na goti inagawanyika mara mbili. Tawi moja linaelekea nyuma ya mguu hadi chini ya wayo. La pili linazunguka upande wa nje, chini kidogo ya goti, likiwa limelala juu ya mfupa bila nyama ya kulilinda. Ukipapasa upande wa nje wa goti utakuta kifundo cha mfupa. Neva iko nyuma na chini yake, karibu sana na ngozi.

Inaweza kubanwa popote katika safari hiyo ndefu. Mgongoni, kile kitu laini kilicho kati ya pingili, ambacho madaktari hukiita diski, kinaweza kutokeza na kugandamiza mzizi. Makalioni, msuli wa ndani unaweza kuikaba, hasa kwa mtu anayekimbia asubuhi kisha akakaa kutwa nzima kwenye usukani wa matatu, juu ya bodaboda au mbele ya kompyuta ofisini. Mwanamume anayekalia pochi nene iliyo kwenye mfuko wa nyuma asishangae. Kando ya goti, hubanwa na bandeji iliyofungwa kwa hasira, na plasta ya mfupa uliovunjika, na mazoea ya kukaa miguu imepishana, na hata kwa mtu aliyepungua uzito haraka akapoteza mafuta kidogo yaliyokuwa yanaikinga. Kwenye kifundo cha mguu, upande wa ndani, hupita katika njia nyembamba iliyofunikwa na utando mgumu, hapo maumivu hushuka chini ya wayo, na mara nyingi huitwa tu "kisigino." Kati ya kidole cha tatu na cha nne huweza kuvimba na kumpa mkimbiaji hisia kwamba kuna kokoto kwenye soksi. Anavua raba, anakung'uta, hakuna kitu. Mara nyingi kosa ni la kiatu chembamba mbele.

Kuna neva nyingine isiyohusiana na siatiki, ya ngozi ya paja upande wa nje. Hubanwa kwenye nyonga na mkanda unaokaza. Walinzi na maafisa wa usalama wanaijua bila kujua jina lake, na siku hizi wakimbiaji wa wikendi pia, wale wanaojifunga mkanda wa chupa za maji na simu kiunoni kwa kilomita 21. Tiba ya kwanza ni kulegeza mkanda. Inasikika kama mzaha lakini ndiyo.

Sasa tuchukue mfano mmoja na tukae nao, kwa sababu ndio unaoonyesha kwa nini ugonjwa huu hukosewa. Tuseme ni msichana wa miaka 20, anafanya mazoezi katika uwanja wa Kihumbuini kule Kangemi, na Jumamosi anakwenda na wenzake msitu wa Karura au kando ya Southern Bypass. Kilomita nne za kwanza yuko sawa. Ya tano, sehemu ya mbele ya mguu chini ya goti inaanza kuwaka, na ganzi inashuka juu ya wayo. Akisimama dakika kumi, yote yanaondoka. Jumatatu anakwenda kliniki. Anapimwa akiwa amekaa kwenye kiti, amepumzika siku mbili, na kila kitu kiko sawa. Anaambiwa hana ugonjwa. Anarudi kukimbia, ya tano inawaka tena.

Msichana huyo haongopi na kliniki haikukosea ilichokiona. Kipimo kilifanywa saa isiyofaa. Neva inayoleta ganzi juu ya wayo hutoboa utando wa misuli na kutokea chini ya ngozi sentimita kama 10 hadi 12 juu ya kifundo cha nje cha mguu. Misuli ikivimba kwa mbio, tundu hilo linakuwa dogo na neva inabanwa. Misuli ikipoa, tundu linarudi lilivyokuwa. Mtaalamu anayewajua wanariadha atamwambia avae raba, akimbie kwenye mashine au azunguke nje ya jengo mpaka mguu uanze kuwaka, kisha arudi mbio kitandani apimwe wakati huo huo. Kama kituo hakifanyi hivyo, si vibaya mgonjwa mwenyewe kuomba, kwa heshima: "Daktari, huniuma nikikimbia tu. Naweza kukimbia kwanza?"

Upimaji wa mikono si jambo la kizamani la kudharauliwa. Mgonjwa hulazwa chali na mguu wake kuinuliwa ukiwa umenyooka. Maumivu yakipita kama umeme chini ya goti kabla mguu haujafika juu, mzizi wa neva mgongoni unashukiwa. Kipimo hicho kinabeba jina la Lasègue, daktari wa Paris, ingawa aliyekiandika mwaka 1881 alikuwa mwanafunzi wake, Forst. Wanafunzi wa udaktari pale Kenyatta wanakitumia hadi leo. Kingine ni kugonga neva taratibu kwa ncha ya kidole: mahali inapobanwa, mgonjwa husikia umeme ukishuka. Hicho ni cha Tinel, Mfaransa aliyewatibu wanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kukieleza mwaka 1915. Kisha nguvu: tembea kwa visigino, tembea kwa vidole, inua kidole gumba cha mguu nikikizuia. Anayeshindwa kutembea kwa visigino ana habari nzito ya kumwambia daktari.

Wengi hutaka picha ya MRI mara moja, na wapo watu huchanga familia nzima kuilipia. Subira kidogo. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha ya mgongo watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu, asilimia 52, walikuwa na diski iliyotokeza angalau mahali pamoja. Maana yake ni kwamba picha inaweza kuonyesha kitu kisicho na hatia, na mtu akafanyiwa upasuaji wa kitu hicho huku neva iliyobanwa iko kando ya goti. Picha ina kazi yake pale inapolingana na hadithi ya mgonjwa na vipimo vya mikono. Kile kipimo cha umeme wa neva na misuli nacho kina saa yake: kikifanywa siku chache tu baada ya neva kuumia, msuli bado huonyesha majibu mazuri. Mabadiliko huchukua wiki mbili hadi tatu kujitokeza. Na kwa yule msichana wa Kangemi, ambaye neva yake hubanwa mbioni tu, kinaweza kutoka safi kabisa.

Daktari pia analazimika kuondoa magonjwa yanayofanana. Mfupa wenye ufa mdogo wa kuchoka huuma mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa kidole kimoja, na huuma hata usiku. Misuli ya mguu chini ya goti imefungwa katika vyumba vinne visivyotanuka. Kwa wakimbiaji wengine shinikizo ndani ya chumba hupanda kupita kiasi na kukaba damu na neva. Hupimwa kwa sindano maalumu. Vigezo vilivyoandikwa mwaka 1990, ambavyo bado vinafuatwa sana, vinasema milimita 30 za zebaki au zaidi dakika moja baada ya mazoezi ni dalili ya ugonjwa huo. Kuna pia mshipa wa damu kubanwa nyuma ya goti, ambapo mguu huwa baridi. Na mgonjwa mwenye ganzi ya miguu yote miwili kuanzia vidoleni apimwe sukari kwanza, awe mkimbiaji au asiwe.

Tiba. Wengi hupona bila kisu, na hilo lisemwe kwa sauti kwa sababu woga wa upasuaji ndio unaowaweka watu mbali na hospitali. Uholanzi, mwaka 2007, wagonjwa 283 wenye siatiki kali waligawanywa: kundi moja lilipasuliwa mapema, lingine likasubiri kwa tiba ya kawaida. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Katika kundi la kusubiri, ni kama wanne katika kila kumi walioishia kupasuliwa.

Kusubiri si kulala. Ni kupunguza mwendo na umbali hadi chini ya kiwango kinachowasha neva, kubadilisha barabara, kwa maana anayekimbia kila siku upande ule ule wa lami iliyoinama huupa mguu mmoja kazi ya kuteremka milele. Ni kulegeza kamba za raba zinazokandamiza juu ya wayo. Ni mtaalamu wa fiziotherapia kufundisha mazoezi ya kuifanya neva iteleze katika njia yake, taratibu, mara chache kwa siku. Hapa vijana wengi hujiumiza: wanasikia kukazwa nyuma ya paja, wanaweka mguu juu ya ukuta na kuvuta kwa nguvu nusu saa wakidhani ni msuli. Neva iliyobanwa haipendi kuvutwa. Ukivuta na umeme ukashuka hadi vidoleni, acha.

Na kuna kusimama. Paris, tarehe 10 Agosti 2024, Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, alitoka katika mbio za marathoni baada ya kilomita 30 kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Kijana wa mbio za mtaa anayeona aibu kutoka kilomita ya saba amtazame huyo.

Sindano zinahitaji maneno yao peke yake, na haya ni ya uchungu. Sindano ya makalio ikichomwa mahali pasipofaa inaweza kuipiga neva ya siatiki yenyewe. Mashariki mwa Uganda, eneo la Kumi, madaktari wameandika kuhusu watoto waliopooza mguu baada ya sindano za makalio. Mahali salama zaidi pa makalio ni robo ya juu ya upande wa nje, na anayechoma awe amesomea. Mtu wa duka la dawa anayemchoma mkimbiaji akiwa amesimama nyuma ya pazia, jeans ikiwa imeshushwa nusu, anacheza na mguu wa mwenzake.

Kuna hatari ya pili kwa anayeshindana. Tangu 1 Januari 2022, sindano zote za dawa za jamii ya kotikosteroidi, hata zinazochomwa kwenye kiungo, zimepigwa marufuku wakati wa mashindano. Mojawapo, triamsinoloni, imewaponza wanariadha kadhaa wa Kenya. Ikichomwa kwenye msuli, mwongozo ni kukaa siku 60 kabla ya kushindana. Tramadoli, tembe ya maumivu inayouzwa kiholela, iliingia kwenye orodha hiyo 1 Januari 2024. Zote mbili hutumika kihalali kwa maumivu ya neva, na daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuzitoa. Lakini mwanariadha amwambie kwanza kwamba anashindana, aombe jina la dawa kwa maandishi, na aulize shirika la ADAK kuhusu idhini ya kutumia dawa kwa tiba kabla ya kuchomwa. Atakayeshikwa na pufya mwilini hataokolewa na maelezo kwamba alidhani ni dawa ya mguu.

Upasuaji una nafasi yake: neva isiyotulia baada ya miezi ya tiba nzuri, uvimbe unaoigandamiza, au nguvu zinazozidi kupungua. Kwa yule msichana, daktari hufungua utando pale neva inapotokea. Kwa neva ya kando ya goti, huilegeza kwenye mfupa. Muda ni muhimu kwa sababu moja rahisi. Neva iliyokatika nyuzi zake huota upya kwa kasi ya kama milimita moja kwa siku. Kutoka gotini hadi wayoni, kwa mtu mzima, ni karibu mwaka mzima, na msuli uliokaa muda mrefu bila neva hunywea usirudi. Anayengoja miezi minane ndipo aende hospitali ameshaitumia sehemu ya muda huo vibaya.

Kuna wachache wasiopaswa kungoja hata kesho. Mtu mwenye maumivu ya mgongo ambaye ghafla amekufa ganzi sehemu za siri na mahali pa kukalia, au hawezi kukojoa, au anajiendea haja bila kujua, au miguu yote miwili inalegea, aende hospitali kubwa usiku huo huo. Wazazi, vijana huona haya kutaja mambo hayo. Waulizeni waziwazi. Wayo ulioanza kuning'inia ghafla, usioinuka, nao uonwe siku hiyo. Na mguu uliogongwa mpirani, ukavimba na kuwa mgumu kama ubao huku maumivu yakizidi kila saa, ni dharura ya masaa, sio ya siku.

Kwa wengine wote, pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, ambako aliyesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu 1 Oktoba 2024, hupata huduma za msingi bila kulipa katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3. Ni bora kujisajili ukiwa mzima. Kutoka hapo mgonjwa huandikiwa rufaa: upande wa magharibi wengi huelekezwa Mutuini au Mbagathi, na kesi ngumu huenda Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Anayekwenda kliniki ya kibinafsi ana haki ya kuuliza kama mtaalamu wa fiziotherapia ana leseni ya Baraza la Fiziotherapia la Kenya. Si utovu wa adabu.

Siku ya kwenda, beba karatasi yenye mambo manne: maumivu yanaanzia wapi na kushuka hadi wapi, yanaanza baada ya kilomita au dakika ngapi, yanachukua muda gani kuondoka, na dawa zote ulizotumia, pamoja na zile za duka la mtaani. Chora mguu, upake kalamu mahali penye ganzi. Vaa kaptura. Beba raba unazokimbilia, zile kuukuu, bila kuzifua.